Vivian Fuchs: Mvumbuzi aliyepoteza wenzake wawili katika kisiwa cha Turkana

WASAFIRI wanaotoka Eldoret kuelekea kaskazini hufika Kitale baada ya mwendo wa karibu kilomita 70. Kutoka hapo hupanda Kapenguria, wakaaga mashamba ya mahindi, kisha huteremka kwenye tambarare kavu zinazowafikisha Lodwar, karibu kilomita 300 zaidi. Mbele ya Lodwar ndipo lilipo Ziwa Turkana, maji yenye urefu wa kilomita zipatazo 250 katikati ya jangwa.

Upande wa kusini wa ziwa hilo kipo kisiwa cha mawe ya volkano ambacho hakikaliwi na watu. Huitwa Kisiwa cha Kusini na tangu mwaka 1983 kimekuwa mbuga ya taifa yenye ukubwa wa kilomita 39 za mraba. Mamba, viboko na nyoka wenye sumu ndio wenyeji wake, pamoja na ndege wanaopumzika hapo katika safari zao ndefu kati ya Ulaya na Afrika.

Katika kisiwa hicho, mwaka 1934, walitoweka Waingereza wawili, W. S. Dyson na W. R. H. Martin. Miili yao haikupatikana. Kiongozi wa msafara wao alikuwa kijana wa miaka 26 aliyeitwa Vivian Ernest Fuchs. Miaka 24 baadaye, jina la kijana huyo lilivuma kote duniani alipokuwa kiongozi wa kundi la kwanza kuvuka bara la barafu la Antaktika kwa nchi kavu, kutoka bahari moja hadi nyingine.

Wengi wanaomkumbuka Fuchs humkumbuka kwa ushindi huo wa kusini mwa dunia. Ni wachache wanaojua kwamba mwanzo wa uongozi wake ulikuwa katika ardhi ya Kenya, na kwamba ulianza kwa msiba. Kati ya matukio hayo mawili kuna tofauti moja kubwa inayostahili kuzingatiwa: kisiwani Turkana hapakuwa na redio ya kupeleka wala kupokea habari, ilhali katika barafu redio ilikuwa ikisikika karibu kila siku.

Mwanafunzi wa miamba

Fuchs alizaliwa Februari 11, 1908, katika Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Baba yake, Ernst Fuchs, alikuwa Mjerumani kutoka Jena, na mama yake, Violet Watson, alikuwa Mwingereza. Alisomea Brighton College kabla ya kujiunga na St John's College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikobobea katika jiolojia, yaani elimu ya miamba na umbo la ardhi.

Huko Cambridge mmoja wa walimu wake alikuwa James Wordie, mwanajiolojia aliyewahi kusafiri na Ernest Shackleton katika msafara wa mwaka 1914 uliokusudia kuvuka Antaktika na ambao uliishia kwa meli yao kupondwa na barafu. Mwaka 1929 Wordie alimchukua Fuchs katika safari ya Greenland ya Mashariki. Hapo kijana huyo alionja baridi kwa mara ya kwanza, ingawa miaka iliyofuata aliitumia kwenye jua kali la Afrika.

Kati ya mwaka 1930 na 1931 alishiriki katika msafara wa Cambridge uliochunguza maziwa ya Afrika Mashariki chini ya E. B. Worthington. Baadaye alijiunga na Louis Leakey, mtafiti mzaliwa wa Kabete, katika msafara wa mwaka 1931 uliokwenda Olduvai, Tanganyika. Kazi ya Fuchs ilikuwa kusoma tabaka za ardhi ili umri wa mifupa na zana za mawe zilizofukuliwa uweze kukadiriwa.

Mwaka 1933 alimwoa Joyce Connell, binamu yake. Mwaka uliofuata alirejea Kenya, safari hii akiwa kiongozi, kwa lengo la kuchunguza Bonde la Ufa katika eneo la ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf. Jina hilo lilitolewa na Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walipofika ziwani mwaka 1888, kwa heshima ya mwanamfalme wa Austria. Jina la Turkana lilianza kutumika rasmi mwaka 1975.

Ziwa la upepo

Mtu anayetaka kuelewa kilichotokea mwaka 1934 sharti kwanza auelewe ukubwa wa upweke wa kaskazini katika zama hizo. Reli ilikuwa imefika Eldoret mwaka 1924, na tawi la Kitale lilifunguliwa miaka miwili baadaye. Mbele ya Kitale hapakuwa na reli wala barabara ya maana. Habari iliyotoka ziwani ilisafiri kwa miguu, kwa ngamia au kwa lori lililobahatika kutozama mchangani, hadi ifike mahali penye simu ya upepo ya serikali.

Aidha, ziwa lenyewe halina huruma. Upepo wa kutoka kusini mashariki huvuma kwa nguvu kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, na unaweza kugeuza maji tulivu kuwa mawimbi makubwa katika muda mfupi. Ni upepo huo huo uliowavutia wawekezaji kujenga mitambo 365 ya kuzalisha umeme karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310, ambayo ilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Kinachozungusha mapanga ya mitambo hiyo leo ndicho kilichowazamisha wengi waliothubutu kuvuka kwa vyombo vidogo.

Wenyeji wa ufuo wa mashariki, jamii ya El Molo, walikuwa wakivua samaki hapo kwa mashua za magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja. Waliijua tabia ya ziwa na saa za upepo wake, nao hawakuwa na mazoea ya kushindana nao.

Fuchs na wenzake walitaka kuchora ramani ya Kisiwa cha Kusini na kuyachunguza mawe yake, kazi ambayo haikuwa imefanywa na mwanasayansi yeyote. Dyson na Martin ndio waliobaki huko kufanya kazi hiyo. Walikuwa na mashua ndogo na chakula cha muda uliopangwa. Mawasiliano baina yao na wenzao wa nchi kavu yalitegemea ishara za mwanga tu.

Kwa siku za mwanzo dalili za uhai zilionekana kutoka kisiwani. Kisha giza likatanda. Siku iliyopangwa ya kurejea ikafika na kupita, na mashua haikuonekana.

Mtu aliye ufuoni katika hali kama hiyo ana maswali mengi na hana jibu. Kukosekana kwa mwanga kunaweza kumaanisha kwamba kuni zimekwisha, au kwamba watu wamehamia upande wa pili wa mlima. Kunaweza pia kumaanisha kifo. Kisiwa kinaonekana kwa macho, lakini hakisemi lolote. Kuvuka kwenda kuuliza kunahitaji mashua, na mashua iliyokuwepo ilikuwa na hao wanaotafutwa.

Msako ulifanywa kwa ndege na katika fuo za ziwa. Vitu vichache vilivyoaminiwa kuwa vya wawili hao viliokotwa vikiwa vimesukumwa na maji mbali na kisiwa. Ilichukuliwa kwamba walizama wakijaribu kurudi, lakini siku na namna walivyokufa havikupata kujulikana. Ziwa limeitunza siri hiyo hadi leo.

Msafara ulimaliza kazi yake kwa huzuni. Matokeo ya utafiti wa ziwa hilo ndiyo yaliyompatia Fuchs shahada ya uzamifu kutoka Cambridge mwaka 1937. Kwa hivyo cheti chake cha juu kabisa cha elimu kilibeba ndani yake kumbukumbu ya wenzake wawili ambao hawakurudi nyumbani.

Redio ilikuwepo, lakini nzito

Msomaji wa leo aliye na simu mfukoni anaweza kujiuliza kwa nini watu wasomi walikwenda kisiwani bila redio. Ukweli ni kwamba chombo hicho kilikuwepo. Nairobi ilikuwa na kituo cha utangazaji tangu mwaka 1928. Katika nchi nyingi, wapenzi wa redio za ridhaa, yaani watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi yao bila malipo, walikuwa wamethibitisha tangu miaka ya 1920 kwamba mtambo mdogo wa masafa mafupi unaweza kusikika ng'ambo ya bahari. Muungano wao wa kimataifa uliundwa mjini Paris mwaka 1925.

Siri ya masafa mafupi ni kwamba mawimbi yake hupanda hadi kwenye tabaka la juu la anga lililochajiwa na jua, yakarudishwa chini mbali sana na mahali yalipotoka. Kwa sababu hiyo, mtu aliye kisiwani hahitaji mlingoti mrefu kama wa kituo cha taifa. Waya uliotundikwa vizuri na umeme kidogo vinaweza kutosha.

Tatizo lilikuwa uzito na udhaifu. Redio za wakati huo zilitumia vali za kioo zilizovunjika kwa urahisi, pamoja na betri zilizojaa asidi na kuchosha wabebaji. Kila kilo ya betri ilimaanisha kilo moja pungufu ya chakula au maji. Viongozi wengi wa misafara walipopima mizani hiyo waliiacha redio nyumbani.

Mfano mmoja ulikuwa wa karibu. Mwaka 1930, msafara mwingine wa Waingereza huko Greenland, ulioongozwa na Gino Watkins, ulimwacha August Courtauld peke yake katika kituo kilicho katikati ya barafu. Redio iliyokusudiwa kituo hicho iliachwa njiani kwa sababu ya uzito. Courtauld alikaa peke yake kuanzia Desemba hadi Mei 1931, sehemu ya muda huo akiwa amefunikwa kabisa na theluji, bila yeyote kujua kama yu hai. Alipatikana akiwa mzima. Dyson na Martin hawakubahatika hivyo.

Kutoka Rukwa hadi barafuni

Fuchs hakuikimbia Afrika baada ya msiba. Kati ya mwaka 1937 na 1938 aliongoza msafara mwingine katika bonde la Ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanganyika. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alijiunga na jeshi, akahudumu Afrika Magharibi katika Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, na baadaye Ulaya. Alimaliza vita akiwa na cheo cha meja.

Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 39, alipewa jukumu la kusimamia vituo vya Uingereza vilivyotawanyika katika visiwa na rasi ya Antaktika. Yeye mwenyewe aliishi Stonington, kisiwa kidogo cha mawe kisicho na wenyeji. Hivyo, miaka 13 baada ya Turkana, alijikuta tena akiwajibika kwa maisha ya watu waliowekwa visiwani, lakini sasa kwa umbali mkubwa zaidi.

Mtihani ulikuja upesi. Novemba 1948, nyumba ya kituo cha Hope Bay iliteketea kwa moto na watu wawili wakafa. Wenzao wengine walikuwa safarini na mbwa wa kukokota mizigo. Aliyebaki karibu alikuwa daktari William Sladen, ambaye wakati wa ajali alikuwa nje akiwachunguza pengwini. Redio iliteketea pamoja na nyumba. Sladen alikaa peke yake kwenye hema kwa zaidi ya wiki mbili, hadi wenzake waliporudi na kuyakuta majivu.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Fuchs mwenyewe. Barafu ya bahari iliganda sana kiasi kwamba meli ya kuwachukua watu wa Stonington haikuweza kuwafikia. Watu 11 walilazimika kukaa msimu mwingine mzima wa baridi na giza. Baadhi yao walikuwa tayari wamekaa misimu miwili. Walipunguziana mafuta na kuwinda sili kwa ajili ya chakula chao na cha mbwa.

Hata hivyo, kisa cha Stonington kilikuwa tofauti na cha Turkana kwa jambo moja. Redio ya kituo ilikuwa ikifanya kazi. Watu wao nyumbani walijua kwamba wako hai, na wao walijua kwamba wanatafutiwa njia. Mwanzoni mwa mwaka 1950 ndege ndogo ilianza kuwachukua baadhi yao, na hatimaye meli ikafika. Wote 11 walirudi.

Ni katika kipindi hicho ambapo Fuchs, akiwa amezuiwa na tufani ndani ya hema, alianza kufikiria upya ndoto ya Shackleton ya kulivuka bara la Antaktika.

Siku 99

Maandalizi yalichukua miaka. Msafara wa Jumuiya ya Madola wa Kuvuka Antaktika ulianza mwaka 1955. Mwanzoni mwa 1956, watu wanane waliachwa katika ufuo wa Bahari ya Weddell wajenge kituo kilichopewa jina la Shackleton. Kabla hawajamaliza, tufani ilivunja barafu ya bahari na kuchukua sehemu kubwa ya mafuta na vifaa vyao. Walilazimika kuishi kipindi cha baridi ndani ya sanduku kubwa la mbao lililokuwa limebeba mojawapo ya magari yao ya theluji, huku wakilala kwenye mahema.

Mwaka 1957 kituo kingine, South Ice, kilijengwa mamia ya kilomita ndani ya bara. Watu watatu walikaa huko msimu wote wa baridi. Safari hii hapakuwa na swali la kuacha redio kwa sababu ya uzito. Watu hao watatu walikuwa mbali na wenzao kuliko Kisiwa cha Kusini kilivyo mbali na Lodwar, lakini sauti yao ilisikika.

Upande wa pili wa bara, Edmund Hillary wa New Zealand, aliyepanda kilele cha Everest mwaka 1953 pamoja na Tenzing Norgay, alipewa kazi ya kuweka akiba za mafuta na chakula kuelekea Ncha ya Kusini ili kundi la Fuchs lizikute njiani.

Fuchs na wenzake 11 waliondoka kituo cha Shackleton Novemba 24, 1957. Walitumia magari yanayotembea kwa minyororo, hasa aina ya Sno-Cat. Barafu ilikuwa na nyufa zenye kina cha kumeza gari zima, nyingi zikiwa zimefichwa na daraja jembamba la theluji. Mara kadhaa gari lilining'inia juu ya ufa na likavutwa kwa magari mengine. Kila baada ya umbali fulani walisimama kupima unene wa barafu kwa kulipua baruti na kusikiliza mwangwi, kazi iliyowachelewesha lakini ikawa hazina kwa sayansi.

Hillary, aliyekuwa amemaliza kuweka akiba, aliendelea mbele kwa matrekta hadi Ncha ya Kusini, akafika Januari 4, 1958, kabla ya Fuchs. Hapo redio ilionyesha upande wake wa pili. Kwa kuhofia kwamba majira yangemalizika, Hillary alimpelekea Fuchs ujumbe wa kumshauri asimamishe safari akifika Nchani na aimalizie mwaka unaofuata. Fuchs alikataa. Ujumbe huo ukafika kwenye magazeti, na dunia nzima ikajua kwamba viongozi wawili hawakubaliani.

Chombo kilichowaokoa na upweke kiliwanyima faragha pia. Mwaka 1934 Fuchs hakuweza kupata hata neno moja kutoka kisiwa alichokuwa akikiona. Mwaka 1958, akiwa katikati ya barafu isiyo na mwisho, kila uamuzi wake ulijadiliwa na watu waliokuwa wakinywa chai London na Wellington.

Fuchs alifika Ncha ya Kusini Januari 19, 1958, na baada ya siku chache akaendelea. Februari 11 alitimiza miaka 50 njiani. Machi 2 kundi lake liliingia kituo cha Scott, baada ya kusafiri kilomita 3,473 kwa siku 99. Umbali huo unazidi ule wa kutoka Eldoret hadi Mombasa na kurudi mara mbili. Alikuwa amekadiria siku 100. Hakuna aliyekufa katika uvukaji huo.

Mwaka huo huo alitunukiwa hadhi ya Sir. Yeye na Hillary walitoa kitabu kwa pamoja kuhusu safari hiyo, The Crossing of Antarctica.

Visiwa na wapenzi wa mawimbi

Tangu wakati huo misafara ya kwenda visiwa visivyokaliwa imepata sura mpya. Wapenzi wa redio za ridhaa husafiri kwa makusudi hadi vipande vya ardhi ambako hakuna mtu, wakatundika eriali, wakawasha jenereta na kuzungumza na maelfu ya wenzao duniani kwa siku chache kabla ya kufungasha. Kwao, kisiwa ambacho hakijasikika hewani kwa miaka mingi ni kama kilele kisichopandwa.

Mwaka 1964 ulianzishwa mpango maalumu wa kuhesabu visiwa vilivyosikika hewani. Mpango huo hauhesabu visiwa vya maziwani, hivyo Kisiwa cha Kusini hakimo katika orodha. Bahari ya Hindi, kwa upande wake, ina visiwa vingi vinavyotamaniwa. Mwaka 2016 kundi moja lilirusha mawimbi kutoka Juan de Nova, kisiwa kilicho katika Mlango wa Msumbiji chini ya himaya ya Ufaransa, ambacho hakina wakazi wa kudumu isipokuwa walinzi wa kijeshi.

Kwa kuwa na redio, watu hao hawakuepuka hatari zote. Mwaka 1983, chombo cha Wajerumani waliokuwa wakielekea visiwa vya Spratly katika Bahari ya Kusini mwa China kilishambuliwa kwa risasi kwa sababu visiwa hivyo vinagombaniwa na mataifa kadhaa. Wawili kati yao wakapoteza maisha. Mwaka 2018 kundi lililokuwa limefika karibu na kisiwa cha Bouvet, kusini mwa Atlantiki, lilirudi bila kutia mguu nchi kavu kutokana na hali mbaya ya hewa na hitilafu ya injini. Kundi jingine lilifaulu mwaka 2023.

Pia yapo matukio yanayoonyesha faida ya mapenzi hayo. Desemba 26, 2004, tsunami ilipopiga nchi za Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki, kundi la wapenzi wa redio kutoka India, likiongozwa na Bharathi Prasad, lilikuwa katika visiwa vya Andaman kwa shughuli zao za kawaida. Simu zilipokatika, mitambo yao ikawa njia ya kupeleka habari za walionusurika.

Kuaga dunia

Fuchs aliongoza shirika la utafiti wa Antaktika la Uingereza hadi mwaka 1973. Mwaka 1974 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na kati ya mwaka 1982 na 1984 alikuwa rais wa Royal Geographical Society. Aliandika historia ya vituo alivyovisimamia, na mwaka 1990 akachapisha kitabu cha maisha yake. Alifariki Cambridge Novemba 11, 1999, akiwa na umri wa miaka 91.

Wanaomsifu humpima kwa kilomita alizovuka. Kipimo kingine cha haki ni idadi ya watu aliokwenda nao na akarudi nao. Kwa kipimo hicho, safari ya Turkana ilimwacha na deni lisiloweza kulipwa, na safari ya Antaktika ilionyesha jinsi alivyopanga mambo ili asiingie deni jingine: akiba ziliwekwa kabla, njia ilichunguzwa kwa ndege, na kila kambi iliyojitenga ilikuwa na sauti.

Kisiwa cha Kusini kiliongezwa mwaka 2001 katika eneo la urithi wa dunia la Ziwa Turkana. Wageni wanaofika huko siku hizi hukodi mashua yenye injini kutoka Loiyangalani, na nahodha mwenyeji huwaambia saa ya kuondoka kwa kuutazama upepo. Baadhi ya wavuvi wa ziwa hilo bado huenda majini wakiwa na vyombo vidogo, bila maboya ya kujiokolea na bila njia ya kuita msaada pindi mawimbi yanapoinuka. Kwa familia zinazosubiri ufuoni usiku kama huo, miaka iliyopita tangu 1934 si mingi sana.